Mashine ya boti ndani ya gari ya mzigo: ikigoma, anzia hapa

Karafuu zikikaribia kuiva hapa Pemba, gereji huanza kupokea gari za namna moja. Lori kuukuu, injini yake ya asili ilishanoki zamani, mwenyewe kapata mashine ya boti kwa bei ya kumfaa, kaifunga, imewaka, kafurahi. Wiki ya pili analeta malalamiko. Malalamiko hayo ni yale yale kila mwaka, ndiyo maana nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea mara nyingi zaidi.

Baharini mashine ilikuwa inapewa bure maji yasiyokwisha, hewa isiyo na vumbi na mzigo unaopanda taratibu. Ukiipandisha nchi kavu vyote vinaondoka. Kwa hiyo kabla hujashika spana jiulize: kazi hii iliyoshindikana, baharini ilikuwa inafanywa na nini? Swali hilo limenifikisha kwenye ugonjwa mara nyingi kuliko kifaa chochote nilichonacho.

Tazama pia mashine yako imezaliwa wapi. Nyingi za boti asili yake ni nchi kavu: Cummins 6BT na Perkins 6.354 zimefanya kazi pande zote mbili, Ford zilizogeuzwa na Lehman zilitoka kwenye injini za lori, na Yanmar 6LP imejengwa juu ya bloku ya Toyota Land Cruiser. Hizo zina dawa, kwa sababu sampu (bakuli la oili chini ya injini), manifodi (bomba la kukusanya moshi wa silinda) na flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) za nchi kavu zinapatikana. Iliyozaliwa kwa ajili ya bahari peke yake, hasa ya silinda moja au mbili, iache ibaki baharini.

Breki ngumu, au upepo haujai

Naanza na hii kwa kuwa nyingine zote zinaweza kusubiri.

Boti haina breki. Mashine yake kwa kawaida haiji na kompresa ya upepo, haiji na pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa ili pedali iwe nyepesi), na mara nyingi haina pampu ya kulainisha usukani. Sababu ya kwanza ya breki ngumu basi ni kwamba kifaa hicho hakikufungwa kabisa, na dereva anaendesha kwa nguvu za mguu. Sababu ya pili ni mkanda unaoteleza kwa vile bracketi imechomelewa kwa kukisia na puli hazikai mstari mmoja. Ya tatu ni kompresa iliyofungwa bila njia ya oili ya kuingia na kurudi. Hiyo itagonga siku chache kisha ife. Mwisho ni mipira inayovuja.

Kupima ni rahisi. Kwa breki ya vakyumu, zima injini, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu, iache chini ya mguu, kisha washa. Pedali inatakiwa izame kidogo. Isipozama, vakyumu hakuna. Kwa breki ya upepo, jaza matangi, zima injini, kaa uangalie mshale bila kugusa pedali. Ukishuka huku unauona, kuna uvujaji. Paka maji ya sabuni kila kiungo.

Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, nirekebishie kidogo tu nimalize msimu, pesa za kompresa nitazipata baadaye." Nilimwambia, "Hapana, mzee wangu, ufunguo unabaki hapa." Hakupendezwa, na heshima yake naijua. Lakini gari yenye magunia ya karafuu ikishuka kilima bila breki haichagui wa kumgonga. Kama huna uhakika na mfumo wa breki ulioufunga, mwite fundi wa breki kabla gari haijatoka, hata kama injini inaimba vizuri.

Inachemsha

Hili ndilo tatizo kubwa, na nitakaa nalo.

Lina sura mbili. Kama inachemsha ikiwa imesimama au ikienda polepole, na barabara ikifunguka mshale unashuka, shaka iwe kwenye feni. Kama iko salama ikisimama lakini inachemsha ikipanda na mzigo, shaka iwe kwenye rejeta au mzunguko wa maji.

Mashine nyingi za boti zina maji ya aina mbili. Maji matamu yanazunguka ndani ya bloku. Maji ya bahari yanavutwa na pampu yenye impela ya mpira, yanapita kwenye kipoza joto, yanachukua moto wa yale matamu, kisha yanamwagwa kwenye ekzosi. Kwenye gari, kipoza joto, pampu ya impela na zinki zake (vipande vya kuliwa na chumvi badala ya mashine) vinatoka, rejeta inashika nafasi. Usiiache pampu ya impela izunguke kavu. Mpira unakatika meno kwa dakika chache. Ikiwa inaendeshwa na gia ya injini, ukiitoa ziba tundu lake kwa sahani ya chuma na gasketi, la sivyo oili yote itakuwa barabarani.

Anza na yasiyogharimu kitu, injini ikiwa ya baridi. Maji yamejaa? Kifuniko cha rejeta kina springi na mpira mzima? Mkanda wa feni umekaza? Mpira wa chini wa rejeta haunywei injini inapokimbia? Kisha chukua karatasi ya daftari, washa injini, ongeza mafuta kidogo, iweke karatasi mbele ya rejeta. Feni nzuri inainasa na kuishikilia. Ikianguka, feni iko mbali mno, haina kava ya kuuzunguka upepo, au imefungwa kinyume na inasukuma badala ya kuvuta. Hili la kinyume hutokea zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu mashine ya boti haikuwa na feni na mtu amebuni yake.

Kama feni ni nzima, njoo kwenye rejeta. Manifodi ya boti ina koti la maji. Moto wa ekzosi, ambao kwenye lori ungetokea hewani, kwako unaingia kwenye maji ya rejeta. Ndiyo maana rejeta iliyotoka kwenye lori lenye nguvu sawa na mashine yako haitoshi. Dawa ya kweli ni manifodi kavu ya injini ile ile upande wa nchi kavu. Ukiikosa, panda saizi ya rejeta. Usijaribu kuliacha koti la manifodi bila maji ukidhani umepunguza kazi: chuma kitapasuka.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonisumbua mimi mwenyewe. Gari moja ilikuwa inafika kilima kile kile, njia ya Mkoani kuja Chake, mshale unaruka mpaka mwisho, kisha unarudi wenyewe. Rejeta mpya, feni mpya, themostati mpya. Nilibadilisha vyote hivyo kwa pesa za mtu, na vyote havikuwa na kosa. Hilo bado linaniuma. Siku ya nne niliweka mkono juu ya manifodi, injini ikiwa imeanza tu kupata moto: mbele pa moto, nyuma pa baridi. Nikalegeza bolti ndogo iliyo juu kabisa ya manifodi. Ikapiga mluzi, ikatoa povu la rangi ya kutu, povu likakatika vipande vipande, kisha maji safi yakaja mfululizo. Ulikuwa upepo uliofungiwa. Kwenye boti chombo cha maji kilikaa juu ya manifodi. Kwenye gari rejeta ilikaa chini yake, na upepo haukuwa na pa kutokea. Tulifunga kopo la maji juu zaidi ya kila kitu, na mpira mwembamba kutoka manifodi kwenda kwenye kopo. Haikurudia.

Kwa hiyo kanuni yangu sasa: kopo la maji liwe ndiyo sehemu ya juu kuliko zote, na upepo utolewe kabla ya kununua chochote.

Baada ya hapo tazama chumvi. Mashine ambayo maji ya bahari yalipita moja kwa moja kwenye bloku ina magamba ndani, na vijia vyake ni vyembamba. Isafishe kwa dawa ya kusafishia rejeta kabla hujaunganisha rejeta mpya, usije ukaijaza takataka. Na maji unayoongeza njiani yaonje. Visima vingi vya vijiji vya pwani vina chumvi. Mvua haikosekani Pemba. Weka dumu la maji ya mvua kwenye kibini, uyachanganye na kulenti (dawa ya maji ya rejeta).

Ukiona mapovu yanatoka mfululizo kwenye rejeta injini ikiwaka, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, zima. Hapo ni gasketi ya silinda hedi au ufa. Gari ivutwe, isiendeshwe. Na kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi, hata kwa kitambaa, hata kwa haraka gani.

Haipati joto, moshi mweupe asubuhi nzima

Hii wengi hawaioni kuwa ni ugonjwa, wanaona gari yao ni "ya baridi" na wanaifurahia. Mashine zilizopozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari huwa na themostati inayofunguka mapema, karibu nyuzi 60, kwa sababu joto likizidi hapo chumvi inaganda ndani. Kwenye gari joto hilo ni dogo. Dizeli haiungui yote, inateremka na kuichafua oili. Weka themostati ya injini ya nchi kavu, ya nyuzi 80 na kitu. Moshi mweupe ukiendelea baada ya injini kupata moto, pima nozeli (vinyunyizio vya dizeli). Ukiwa na harufu tamu na maji yanapungua, rudi kwenye gasketi ya silinda hedi.

Moshi mweusi ikiondoka, haina nguvu kwenye kilima

Propela haidai nguvu kama tairi inavyodai. Mzunguko ukipungua nusu, nguvu inayodaiwa na propela inashuka hadi karibu moja ya nane. Mashine ya boti kwa hiyo haijazoea kubebeshwa mzigo mzito ikiwa mzunguko mdogo, na turbo yake (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) mara nyingi imechaguliwa kwa mzunguko wa juu. Gari inafanya kinyume: inaondoka na tani zake ikiwa chini, kwenye mpando. Dizeli inaingia, hewa haitoshi, moshi.

Lakini kabla ya kulaumu turbo, tazama filta ya hewa. Baharini hakuna vumbi, na mashine nyingi za boti zinavutia hewa kwenye kisponji kidogo au bomba tupu. Kwenye njia zetu za udongo mwekundu hilo ni kuiua injini: vumbi linakula ringi na silinda, na baada ya muda inakula oili. Funga filta kubwa ya lori. Kisha vua mpira unaotoka kwenye filta kwenda turbo, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka chekundu, kuna mwanya. Tafuta klipu iliyolegea.

Cha pili ni kile kipoza hewa kinachokaa baada ya turbo. Kwenye boti kilipozwa kwa maji ya bahari. Kwenye gari watu wanakiacha pale pale kikiwa kitupu, na hewa inaingia kwenye silinda ikiwa ya moto kali. Badilisha uweke kipoza cha upepo kinachokaa mbele ya rejeta. Ukikosa nafasi yake, dizeli lazima ipunguzwe.

Hapo ndipo tunafika kwenye pampu ya dizeli, na hapo ndipo spana yako inaishia. Mashine za boti za starehe hupewa dizeli nyingi kwa nguvu ya muda mfupi. Gari ya mzigo haipumziki. Pampu na gavana (kifaa kinachodhibiti mzunguko) vinahitaji kupimwa upya kwenye mashine ya kupimia pampu, na fundi anayeijua. Skrubu yenye sili usiiguse. Nimefungua injini ambayo mtu "aliongeza kidogo" ili ipande vizuri. Pistoni mbili zilikuwa zimeyeyuka kwenye ukingo kama mshumaa.

Mwendo nao ukiwa mdogo hata barabara ikiwa tambarare, pengine mashine haina kosa. Uwiano wa difu (gia za ekseli) ya gari haulingani na mzunguko wake wa juu.

Taa ya oili inawaka kwenye kilima

Kwenye boti mashine hulala, nyuma chini kidogo, kufuata mlalo wa shafti ya propela. Sampu, bomba la kunyonyea na kijiti cha kupimia vilipangwa kwa mlalo huo. Ukiifunga kwenye chesisi ikakaa sawa, kijiti kinasema uongo. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na dawa yake haigharimu: mwaga oili yote, badilisha filta, tia kiasi kamili kinachotajwa na kitabu cha mashine, washa dakika chache, zima, subiri iteremke, kisha ukwaruze alama mpya kwenye kijiti pale oili ilipofika.

Ikiendelea, bomba la kunyonyea liko upande ambao oili inaukimbia gari inapopanda. Hapo unahitaji sampu na bomba la injini ya lori, siyo kuongeza oili kupita kiasi. Oili ikizidi inapigwa na krankishafti, inatoa povu, na presha inashuka zaidi. Unguja barabara nyingi ni tambarare na gari inaweza kukaa muda bila kuonyesha dalili hii; ikivuka kuja huku, kilima cha kwanza kinaifichua.

Taa ikiwaka, simama hapo hapo. Habari ya "nifike tu pale mbele" ndiyo inayonokisha injini. Na oili ikiwa inapanda badala ya kushuka, inanuka dizeli, usiiwashe tena: pampu ndogo ya dizeli au sili ya pampu kubwa inavujisha ndani.

Gia haziingii, kelele chini ya miguu, au gari inaenda kinyume

Nyuma ya mashine ya boti palikuwa na sahani ya springi na gia ya baharini, hapakuwa na klachi. Flaiwili yake huenda haina uso uliosawazishwa kwa klachi pleti, na mwisho wa krankishafti huenda hakuna beringi ndogo ya kushika ncha ya shafti ya gia boksi. Beringi hiyo ikikosekana, shafti inayumba, gia zinakwaruza ukikanyaga klachi, na sili inavuja. Hii ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi.

Ya pili ni ganda la klachi lililotengenezwa kwa kuunganisha sahani mbili kwa kuchomelea, likawa halikai katikati. Jicho halioni kosa la sehemu ya milimita. Linapimwa kwa saa ya kupimia iliyofungwa kwenye flaiwili, ikizungushwa kwa mkono. Mchongaji wa leth ndiye wa kulinyoosha. Mtetemo wa gari nzima bila kelele, tazama mipira inayokaliwa na mashine; ile ya boti haikufikiria mashimo.

Na kuna hili: boti ya mashine mbili inaweza kuwa na moja inayozunguka kinyume. Detroit Diesel za mfululizo wa 71 zilitengenezwa za pande zote mbili. Ukiifunga hiyo kwenye gari utapata gia moja ya mbele na nyingine zote za kurudi nyuma. Kabla ya kununua, simama mbele ya puli, piga stata kidogo. Izunguke kama mshale wa saa. Isipofanya hivyo, muage muuzaji kwa wema.

Stata nzito, geji zimekufa

Baadhi ya mashine za boti zimefungwa waya mbili kila mahali, ya kwenda na ya kurudi, ili umeme usipite kwenye chuma na kukila. Gari inatumia chesisi kama waya wa kurudi. Sensa ya boti yenye vichwa viwili haitasema kitu mpaka kichwa cha pili kishikishwe kwenye chuma. Stata na oltaneta vivyo hivyo. Weka waya mnene kutoka betri hadi kwenye bloku, na mwingine kutoka bloku hadi chesisi, juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi. Hakikisha pia kwamba ni volti 12 kwa 12 au 24 kwa 24. Kisha kata kipande cha waya wa zamani, ukivue: shaba ikiwa ya kijani ndani ya plastiki, toa waya wote. Hautibiki.

Harufu ya mpira kuungua

Kiko cha ekzosi cha boti na mpira wake vilipozwa kwa maji yanayomwagika ndani. Maji hayapo tena. Vitoe vyote, weka bomba la chuma, lipitishe mbali na mipira ya dizeli na breki. Usiliendeshe gari hata mita moja kujaribu na mpira ule umo. Ukishika moto, tangi haliko mbali.

Injini haizimi

Kwenye boti nahodha alivuta kamba ya kuzimia, au kibonyezo kilipeleka umeme wa kuzima. Ufunguo wa gari unafanya kinyume, unakata umeme, na mashine inaendelea. Sababu ya kawaida ni hiyo tu: unganisha kamba mpaka kwenye kibini, au badilisha solenoidi (swichi ya umeme inayokata dizeli).

Hatari ni pale inapokimbia yenyewe, mzunguko ukipanda bila kuguswa. Inakunywa oili yake kupitia turbo au kwenye sampu iliyojaa dizeli, na kukata dizeli hakusaidii. Ikiwa uko ndani: gia ya juu kabisa, breki mpaka mwisho, achia klachi. Ikiwa iko gereji: ziba mdomo wa hewa kwa ubao mzito. Usitumie kiganja, na kitambaa chepesi kitavutwa ndani. Isipokubali mara moja, waondoe watu na usogee mbali nayo. Ikishazima usiiwashe tena mpaka fundi wa turbo na pampu aifungue.

Weka ubao huo karibu siku ya kwanza ya kuwasha, na kamba ya kuzimia ijaribiwe mara tatu gari ikiwa uwanjani, kabla haijatoka getini.